Maboya ya Chigwelu

Mzee Thobias alikuja barazani amevaa jaketi la kuokolea maisha. Lilikuwa la rangi ya machungwa, kamba zake tatu zimefungwa zote, filimbi inaning'inia kifuani, na chini yake kaptura ya kaki na katambuga za matairi. Ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 1994. Upepo wa Ugogo ulikuwa unazoa vumbi jekundu na kulimwaga ndani ya ofisi ya kata kupitia dirisha lisilo na kioo. Kutoka pale hadi baharini ni zaidi ya kilomita mia nne.

Hakuna mwanakijiji aliyecheka. Jaketi lile walishalizoea. Aliyecheka ni Batholomeo, mfanyabiashara wa mkaa kutoka Dodoma mjini, mtu mnene mwenye suti ya mtumba iliyomkaa vizuri kuliko ilivyomkaa mwenyewe wa kwanza, popote alipokuwa. Alikuwa amekuja na kreti mbili za soda kwa ajili ya wajumbe wa baraza.

"Huyu mzee," akauliza, "anaogopa mafuriko?"

Mzee Thobias alikaa kwenye benchi, akasimamisha fimbo katikati ya magoti yake. Mimi nilikuwa kando yake na mwongozo wa kurasa mia moja na arobaini mapajani. Katika chumba kile tulikuwa wawili tu tuliojua jinsi jaketi lile lilivyofika Chigwelu: mimi, na bosi wangu Fabian, aliyekuwa amejibanza benchi la nyuma kabisa na faili lake kifuani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Chuo cha misitu kilikuwa kimenitoa na cheti, buti na ujasiri usio na sababu, nikapangiwa Chigwelu, kijiji kilichoko ndani ndani kati ya Buigiri na Mpwapwa, mbali na barabara kwa kiasi cha baiskeli kupata pancha mbili. Jina langu ni Anastazia, lakini pale hakuna aliyelitumia. Niliitwa Bibi Misitu. Wazee walionizidi miaka arobaini walinisimamisha njiani wakaniuliza, "Bibi, umeamkaje?" Nami nikijibu "Shikamoo," walicheka mpaka wakashika magoti. Bibi gani huyu anawaamkia wajukuu?

Kazi yangu ilikuwa kilima. Msitu wa kilima cha Chigwelu haukuwa mkubwa, na mtu aliyezoea misitu ya milima ya mvua asingeuita msitu. Lakini ndani yake kulikuwa na nyuki, digidigi, pimbi waliopiga kelele kama watu wanaodaiwa, ndege ambao sikuwahi kuwajua majina yote, na chini yake chemchemi iliyotoa maji hata Oktoba, mwezi ambao ng'ombe wa vijiji vingine walikuwa wakilamba mawe. Tatizo lilikuwa upande wa magharibi. Nilipofika, upande ule ulikuwa umeshanyolewa upara.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: maduka, mitumba, vyama vya siasa, na njia ya mkaa. Mtu mwenye lori alikuwa serikali ndogo. Batholomeo alikuwa na Isuzu moja na leseni halali, yenye muhuri, ya kuchoma mkaa nje ya hifadhi. Na hapo kwenye neno "nje" ndipo mambo yalipokuwa. Karatasi ya zamani ilisema mpaka wa hifadhi unaanzia kwenye mkwaju mkubwa, unafika kwenye jiwe jeupe, kisha unafuata korongo. Nilizunguka siku tatu nikiutafuta mkwaju. Mwishowe Yudith, mjane aliyerithi mizinga ya mumewe na kuipandia mwenyewe mitini, akanihurumia.

"Mkwaju ulikwenda mwaka juzi, Bibi Misitu," akaniambia. "Magunia kumi na moja."

Mpaka wenyewe ulikuwa umeshapikiwa chai mjini.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mradi, niliuombea usiku na mchana. Mradi ulikuwa na maeneo mawili: kilima chetu, na kisiwa kimoja kidogo huko pwani. Kila eneo lingepata mwongozo wa kusimamia hifadhi na masanduku ya vifaa. Sisi tungepata mizinga ya kisasa, mapanga, reki, viriba vya kuoteshea miche, vibao vya mpaka na baiskeli sita. Niliwatangazia wanakijiji. Mzee Thobias, mwenyekiti wa kamati ya msitu, aliitisha mkutano mahsusi wa kufungua masanduku, na watu walivaa nguo za kanisani.

Sanduku la kwanza lilikuwa na maboya. Mipira mikubwa ya plastiki, rangi ya machungwa, sitini. La pili lilikuwa na majaketi ya kuokolea. La tatu, miwani ya kuzamia, na mapezi ya kuvaa miguuni. La nne lilikuwa na boti la mpira, limekunjwa kama shuka.

Yudith akainyanyua miwani ya kuzamia, akaivaa, akatugeukia. Macho yake yalionekana makubwa kama ya bundi.

"Bibi Misitu," akasema kwa sauti ya puani, "huu msitu mnatarajia uwe wa namna gani?"

Kesho yake nilipanda baiskeli, kisha lori la mtama, mpaka Dodoma, kwenye ofisi ya Fabian, mratibu wa mradi. Fabian alikuwa mwanaume mpole, msafi, ambaye duniani hakuogopa kitu isipokuwa barua kutoka Dar es Salaam.

"Bosi, masanduku yamebadilishana. Vyetu vimekwenda kisiwani."

"Umesaini kupokea?"

"Wewe ndiye uliyesaini. Stesheni."

Feni ilizunguka mara kadhaa. "Basi vimefika," akasema.

"Ni vya baharini, bosi. Hata mwongozo ni wa baharini."

"Anastazia. Mpango kazi unasema semina ya wanakijiji ni Julai. Leo tarehe ngapi?"

"Tano Julai."

"Haya." Akainama, akashusha sauti. "Nikiandika kwamba nimepokea boti Dodoma, nikalisaini, mwakani hatupewi hata penseli. Vifaa ni vifaa. Ni suala la adaptation tu, kurekebisha kidogo. Kafundishe, na wanakijiji usiwachanganye na mambo ya usafirishaji."

Nilirudi Chigwelu nimenuna. Lakini nilirudi, na sikuwachanganya.

Semina ilifanyika katika darasa la nne, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Nilikesha nikiugeuza mwongozo. Palipoandikwa "bahari" nikasoma "eneo". "Samaki" nikasoma "viumbe". "Matumbawe" nikasoma "mawe", na kwa dakika ishirini nilifundisha kwa uchungu kwamba mawe ni viumbe hai vinavyokua taratibu sana na kamwe visikanyagwe. Waliandika.

Kilichonishinda ni kanuni za ukurasa wa thelathini. Hizo Fabian alikuwa ameshazipiga chapa kama zilivyo, kwa ajili ya mkutano mkuu wa kijiji kuzipitisha ziwe sheria ndogo, na muhuri ulikuwa unasubiri. Kanuni ya saba ilisema hivi: *Chombo chochote hakiruhusiwi kuvuka mstari wa maboya, kutia nanga, wala kuvua ndani ya eneo la hifadhi.*

Niliisoma yote. Kisha Yudith akanyoosha mkono.

"Chombo gani? Ndoo ni chombo. Sufuria ni chombo. Tukachote maji chemchemi kwa viganja?"

Mzee Thobias alifikiri. Hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo alisikiliza kwa uzito ambao wanaosoma hawana. "Ndoo haivuki," akasema. "Ndoo inavushwa. Kinachokatazwa ni chombo kinachovuka chenyewe."

"Na kutia nanga?"

"Kuegesha," nikadakia haraka.

"Sawa. Na kuvua?" Yudith alikuwa bado amesimama. "Ina maana mtu akienda kuoga chemchemi, aoge na nguo zake?"

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Ilikuwa nafasi nzuri, na wangecheka, tukaanza upya. Nilisema, "Ni suala la heshima ya eneo." Mkutano mkuu ukazipitisha kanuni zote, mikono juu, na kwa mwezi mzima wanawake wa Chigwelu walioga na kanga zao, wakinilaani kwa Kigogo.

Kisha ikaja kazi ya mpaka. Mwongozo ulisema, na hili lilikuwa kweli hata nchi kavu, kwamba hifadhi isiyoonekana mwisho wake haiwezi kulindwa na mtu yeyote. Tukachukua maboya sitini. Mzee Thobias akatangulia. Nilitarajia abahatishe, kwa kuwa mkwaju haukuwepo, lakini alitembea moja kwa moja kama mtu anayekwenda chooni kwake, akigusa mti huu, mti ule, "Hapa. Hapa." Boya likafungwa kila alipogusa. Tulipofika magharibi, penye visiki, aliacha kugusa. Akawa anaonyesha kwa fimbo tu, bila kutazama, na tukayafunga maboya yaliyobaki, isipokuwa manne ya akiba, kwenye nguzo tulizochimbia chini.

Kutoka mbali, kilima kilionekana kimevishwa ushanga. Wiki haikwisha, afisa mmoja akaja na pikipiki kuuliza rangi ya machungwa ni ya chama gani na kibali cha kampeni kiko wapi.

Vitu vingine vilijitafutia kazi. Miwani ya kuzamia Yudith aliichukua kwa ajili ya kurina asali. Moshi haukumwingia tena machoni, na mapezi yalipepea moto vizuri ajabu. Boti tulilijaza upepo kwa pampu ya mguu, tukalijaza maji ya chemchemi, likawa tangi la kumwagilia miche. Ni boti pekee nililowahi kulijua lenye maji ndani na ukavu nje. Majaketi sita yakawa sare ya walinzi. Mzee Thobias alilivaa la kwake hata kwenda kilabuni. Ukimuuliza, alikuambia kwamba ni vazi la mtu anayelinda kilicho hai, lina jina lake kwenye mwongozo, na limetoka mbali kwa ajili ya Chigwelu. Alilisema hilo kwa fahari iliyonifanya nitazame pembeni.

Lori la Batholomeo lilivuka maboya Jumanne, saa nne asubuhi, likifuata magunia ya mkaa yaliyokuwa yamepangwa ndani ya mstari. Dereva na wapakiaji wake wawili waliyaona maboya, wakadhani ni urembo. Jua likawa kali, dereva akavua shati, akaanza kupakia. Hapo filimbi ikalia. Kutoka vichakani, pande zote, yakatokea majaketi sita ya machungwa. Dereva alisema baadaye kwamba alidhani ndege imeanguka.

Walilizungushia lori kamba yenye maboya manne, wakaketi kulilinda siku mbili, mpaka Batholomeo alipofika kijijini akiwa amefura, akafungua malalamiko baraza la kata: lori lake limezuiwa na watu wasio na akili timamu. Fabian akapata habari, akaja na basi, akanishika mkono nje ya mlango. "Tukishindwa," akaniambia, "lori linarudi na mengine mawili. Tukishinda, huenda ikaandikwa gazetini. Sijui kipi kibaya zaidi. Lakini suala la masanduku lisitajwe. Ukilitaja, kazi huna."

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mwalimu Silvano, mstaafu, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minane na bado hajapona.

"Waheshimiwa," Batholomeo alianza, "mimi ni raia mwema. Ninalipa ushuru. Leseni yangu hii hapa. Sasa hizi maboya…"

"Haya maboya," alisema Mwalimu Silvano bila kuinua kichwa.

"Haya maboya. Mimi nimeishi Tanga, nayajua. Ni vitu vya baharini! Hata hilo jaketi la mzee ni la mtu wa boti. Hapa kuna bahari? Mnaniletea mpaka wa bahari juu ya kilima cha Wagogo, halafu mnanikamatia lori?"

Minong'ono ikapita kama upepo. Mwalimu Silvano akamgeukia Mzee Thobias, akamtaka aseme shtaka lake. Mzee akasimama, akaitamka kanuni ya saba yote kwa kichwa, bila kukosea herufi. Kisha akahitimisha:

"Alivuka. Akatia nanga. Na akavua."

"Alivua nini?" aliuliza Mwalimu Silvano.

"Shati."

Wajumbe walitazama mezani. Mmoja alipatwa na kikohozi kirefu. Mwalimu Silvano alingoja kikohozi kiishe, kisha akavua miwani yake, akasita kidogo, kama mtu aliyejiuliza iwapo naye amevunja sheria, akanitazama.

"Bibi Misitu, simama. Wewe ndiye mtaalamu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msitu, au kwa ajili ya bahari?"

Nyuma kabisa, Fabian alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kushoto, kulia, kama feni yake.

Nilikuwa nimeandaa uongo. Uongo mzuri, wenye neno "ikolojia" mahali pawili. Lakini nilikosea kumtazama Mzee Thobias kwanza. Alikuwa ananiangalia kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa jambo rahisi, anasubiri tu jibu lisemwe ili aende akanyweshe ng'ombe.

"Wa bahari, Mwalimu," nikasema. "Masanduku yalibadilishana. Vifaa vyetu vilikwenda kisiwani, vyao vikaja kwetu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nje ya mlango nilimsikia kuku akipekua.

"Hata filimbi?" aliuliza Mzee Thobias.

"Hata filimbi, Mzee."

Aliinamisha kichwa akaanza kufungua kamba za jaketi. Ya juu. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vya mtu wa jembe, na fundo lilikuwa dogo. Ilimchukua muda, na sote tulikaa tukimtazama, na nilitamani sakafu ya ofisi ile, ambayo tayari ilikuwa na shimo, iongeze jingine. Akaanza ya pili.

Batholomeo angenyamaza hapo, angeshinda. Lakini alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno akiona nafasi haiachi.

"Tena muulizeni mwenyekiti huyu," akasema, "mabati mapya ya nyumba yake yalitoka wapi! Nani aliniuzia upande wa magharibi?"

Chigwelu nzima ililijua lile paa. Lilimetameta kuliko la kanisa, katikati ya tembe za udongo. Mzee alikuwa amesema kapewa na mkwewe, na watu, kwa adabu, walikuwa wamemwamini.

Vidole vya Mzee Thobias vilisimama kwenye fundo la pili. Akainua kichwa.

"Yalitoka kwako," alisema. "Mwaka juzi. Ulinikuta mke wangu anaumwa kifua, nyumba inavuja, ukaniuliza mpaka uko wapi. Nikakuambia sijui."

"Mmesikia? Mwenyewe anakiri!" akadakia Batholomeo.

"Nilijua." Sauti yake haikupanda. "Baba yangu alinizungusha nikiwa mtoto, akanionyesha kila mti. Nilijua, nikasema sijui. Mkwaju ulipoanguka nilikuwa ndani, chini ya mabati yako, nikausikia." Akanigeukia. "Halafu akaja binti huyu na mipira yake. Nikajua ni ya kitu kingine, Bibi Misitu. Mimi si mjinga. Mawe hayakui. Lakini nilipoulizwa tena mpaka uko wapi, mbele za watu, nilipata nafasi ya kuusema vizuri. Kwa hiyo, ya bahari, ya mwezini, mimi niliyafunga pale mpaka ulipo. Hakuna boya hata moja lililokosea. Na mabati nitayashusha. Uje uyachukue."

Akaanza kufunga tena kamba ya juu. Ikawa inamshinda. Yudith akainuka kutoka benchi la wanawake, akapita katikati ya chumba, akamfungia, akarudi kukaa.

Mwalimu Silvano aliagiza kamusi iletwe kutoka shule ya msingi. Ikaletwa. Mchwa walikuwa wameila kuanzia B hadi D. Aliifunga, akapumua, akatoa hukumu kwa kichwa.

Kwanza, alisema, shtaka la kuvua shati linafutwa, na wanawake wa Chigwelu waoge kama walivyozaliwa. Makofi yakapigwa. Pili, kijiji kiliitisha mkutano, kikatembea mpaka wake, kikauwekea alama, kikapiga muhuri. Alama ingekuwa boya, kibuyu au sufuria iliyotoboka, ni alama. Tatu, neno *chombo*, ngeli ya ki-vi, katika Kiswahili cha pwani lina maana ya jahazi au boti. "Lakini sisi hatuko pwani. Askari wa barabarani wanasema chombo cha moto, na hawasemi sufuria. Isuzu ni chombo. Kilivuka chenyewe, maana hakikuvushwa." Lori litaondoka tupu. Mkaa utabaki kijijini. Leseni isiguse tena ndani ya maboya.

Nilipomtafuta Fabian, benchi lake lilikuwa tupu. Alikuwa ameshatoka na faili lake. Barua yangu ya onyo ilifika baada ya wiki tatu, na ya uhamisho baada ya mwaka. Kati ya barua hizo mbili aliandika ripoti kuhusu ubunifu wa wananchi katika kutumia rasilimali za uhifadhi, akaitwa kuisoma mkutanoni Arusha, na nasikia alipigiwa makofi. Huko kisiwani, kwa jinsi alivyonisimulia mwenzangu wa kule, Iddy, tulipokutana miaka mingi baadaye, mizinga yetu ilipata nyuki wakali waliowafukuza wavuvi haramu wote. Sijui kama ni kweli. Iddy ni mtu wa hadithi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi si baraza lile. Ni asubuhi iliyofuata.

Batholomeo alikuwa amelala kijijini, kwa sababu lori lilikataa kuwaka. Alfajiri alikuja mlangoni kwangu bila koti, macho mekundu.

"Nionyesheni," akasema.

"Nini?"

"Hicho mnachokigombania. Miaka mitatu nachukua mkaa hapa, sijawahi kupanda juu. Nataka nijue kilichonipotezea mzigo wangu."

Tukapanda wanne: yeye, mimi, Mzee Thobias, na Yudith aliyekuwa anakwenda kwenye mizinga. Alipumzika mara saba. Kila aliposimama alipata cha kulalamikia, na pimbi mmoja kwenye mwamba alipompigia kelele, alimjibu. Tulipoingia chini ya miti mikubwa, hewa ikabadilika ghafla, ikawa baridi na yenye harufu ya majani yaliyolowa, na yeye akaacha kusema. Chemchemi ilikuwa inatoka chini ya jiwe, nyembamba kama kidole, bila haraka. Yudith akakinga kibuyu, akampa. Alikunywa. Akampa tena, akanywa. Cha tatu alijimwagia kichwani.

Alikaa kwenye jiwe muda mrefu, maji yakimtiririka shingoni. Alionekana mdogo, kama mtu aliyekuja kutembelea nyumba ya watu akakuta kuna mgonjwa.

"Sawa," alisema hatimaye. "Nimeona. Sasa niambieni na nyie. Wale watu kule mjini, wapangaji wa chumba kimoja, wenye watoto. Wao watapika na nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Alinitazama mimi, mtaalamu. Niliupitia mwongozo wote kichwani, kurasa mia moja na arobaini, na cheti changu, na miaka yangu ya chuo. Nimefanya kazi hii miaka thelathini tangu siku ile. Nimekaa kwenye semina zenye viyoyozi, nimeandika maandiko ya miradi, na kila mahali nimesikia majibu ya swali lile yakitolewa na watu wanaopikia gesi.

"Sijui," nikasema.

Mzee Thobias alitikisa kichwa taratibu, akikubaliana nami kwamba sijui.

"Jua linapanda," alisema Yudith, akiivaa miwani yake ya kuzamia. "Shukeni. Mimi nina nyuki wananisubiri."

Batholomeo alisimama ukingoni mwa mteremko. Akatazama mawe yanayoteleza, akatazama viatu vyake vya soli ya ngozi, kisha akatutazama sisi, bila kuomba. Mzee Thobias akamnyooshea mkono. Wakashuka hivyo, wameshikana, mmoja mnene na mmoja mwembamba, na muda mrefu baada ya miti kuwafunika, mimi na Yudith tuliobaki juu tuliendelea kuwasikia wakibishana juu ya njia, mmoja akishikilia kwamba kushoto ndiko karibu, mwingine akimwambia wewe mgeni, nyamaza, kanyaga ninapokanyaga.